Matofali Mangapi, Sima Kiasi Gani?

Katika kila mtaa wa Bukavu, tangu Kadutu hata Bagira, iko nyumba moja au mbili zilizosimama nusu. Kuta zimefika chini ya madirisha, kisha zikaishia hapo. Majani yameota juu ya matofali, mvua imekula viungo, na watoto wa jirani wanacheza ndani ya kile kilichokuwa kiwe chumba cha kulala. Mwenyewe bado analipa kodi ya nyumba ya mtu mwingine. Ukimwuliza, atakujibu kwamba fedha zilikwisha. Ni kweli, lakini si kweli yote. Mara nyingi fedha zingalitosha kujenga nyumba ndogo na kuiezeka. Hazikutosha nyumba ile aliyoianza, naye hakulijua jambo hilo ila siku ya kununua mfuko wa mwisho. Yule mtu wa mnara, ambaye wasomaji wetu wamesikia habari zake kanisani, alichekwa na majirani. Wa kwetu hachekwi sana, maana majirani nao wana kuta zao.

Leo, basi, twataka kuifanya pamoja nanyi ile hesabu iliyopaswa kufanywa kabla ya kuchimba msingi. Si hesabu ngumu. Mtoto aliyemaliza darasa la sita anayo elimu yote ihitajiwayo: kujumlisha, kuzidisha, kugawanya, na kujua eneo la mstatili na la pembetatu. Tena twapendelea kwamba kalamu apewe mwanafunzi wa nyumba hiyo. Baba ashike utepe wa kupimia, mama aseme jiko na vyumba anavitaka vya ukubwa gani, na mtoto aandike katika daftari. Daftari hilo lihifadhiwe mpaka bati la mwisho lipigiliwe.

Tuanze na tofali lenyewe. Tofali letu la kuchoma halitoki katika kiwanda. Hufanywa kwa mikono, kwa udongo wa mabondeni, hukaushwa, kisha huchomwa katika tanuru kwa kuni, mara nyingi za mikaratusi. Ndugu zetu wa Katanga huvunja vichuguu vikubwa na kupata humo udongo mzuri kuliko wetu, lakini kazi ni ileile. Kila mfanyaji ana kalibu yake, na udongo hujikunyata ukikauka, tena hujikunyata ukichomwa. Kwa hiyo usimwulize mwuzaji tofali lake lina ukubwa gani. Atakutajia ukubwa wa kalibu. Pima mwenyewe. Panga matofali kumi kwa mstari, yakigusana vichwa, upime urefu wote na kuugawanya kwa kumi. Fanya vivyo hivyo kwa upana na kwa kimo. Tofali moja laweza kudanganya, kumi hayadanganyi.

Tuseme umepata sentimeta 22 kwa urefu, 11 kwa upana na 7 kwa kimo. Ukubwa huu ni wa kawaida, nasi tutautumia leo. Kama lako ni jingine, badili tarakimu, njia haibadiliki.

Sasa usisahau kiungo, yaani ile nafasi kati ya tofali na tofali ijazwayo mchanganyo wa mchanga na sima, ambao mafundi wetu huuita mortie. Kiungo kizuri kina unene wa sentimeta 1. Basi katika ukuta tofali halichukui 22 kwa 7, bali 23 kwa 8, maana kila moja linakwenda na kiungo chake cha upande mmoja na cha juu. Zidisha 23 kwa 8: ni 184. Meta moja ya mraba ina sentimeta za mraba 10,000. Gawanya kwa 184, utapata 54 na kitu. Andika 55. Aliyesahau viungo atagawanya kwa 154 na kupata 65, naye atanunua matofali kumi zaidi kwa kila meta ya mraba, ayaache yalale uani.

Hiyo 55 ni ya ukuta mwembamba, ambao tofali limelazwa kwa urefu wake na unene wa ukuta ni sentimeta 11 tu. Lakini kuta za nje, zile zinazobeba paa, hujengwa nene: matofali mawili ubavu kwa ubavu, au moja limelazwa kuvuka, hata ukuta uwe na sentimeta 22 au 23. Ukuta huo wataka matofali mara mbili, yaani 110 kwa meta ya mraba. Hapa ndipo nyumba nyingi zimekufa. Fundi amesema, tena kwa haki, kwamba meta moja yala matofali 55. Mwenye nyumba akaishika tarakimu hiyo, akaenda kununua. Kumbe fundi alikuwa akinena juu ya ukuta wa ndani. Kuta zilifika nusu hasa, kama hesabu ilivyotaka. Kwa hiyo swali la kwanza la kumwuliza mwashi si matofali mangapi, bali ukuta wa unene gani.

Tuchukue nyumba moja. Urefu wa nje ni meta 8, upana meta 6. Kuta za nje ni nene. Ndani iko sebule upande mmoja na vyumba viwili vya kulala upande wa pili. Kuta za kuvigawa ni nyembamba, na urefu wake wote ni meta 10. Kimo cha kuta ni meta 2.60. Milango miwili ya nje, kila mmoja sentimeta 90 kwa meta 2.10. Madirisha manne, kila moja meta 1.20 kwa meta 1. Milango miwili ya ndani, sentimeta 80 kwa meta 2.10. Paa ni la bati, lenye miteremko miwili.

Kuizunguka nyumba ni 8 na 6 na 8 na 6, jumla meta 28. Zidisha kwa 2.60, utapata meta za mraba 72.80. Toa milango ya nje, 3.78, na madirisha, 4.80. Zinabaki 64.22. Mwanafunzi mwangalifu atasema kwamba tumehesabu pembe za nyumba mara mbili. Ni kweli, lakini kosa hilo ni dogo, tena liko upande wa kuzidisha, tuliache.

Bado hatujamaliza kuta za nje. Juu ya zile kuta mbili fupi hupanda sehemu ya pembe tatu, mpaka kwenye mgongo wa paa. Haionekani katika mchoro wa chini, na kwa hiyo husahauliwa karibu kila mara. Chini ina meta 6, na tuseme inapanda meta 1.50. Nusu ya 6 mara 1.50 ni meta za mraba 4.50, ziko mbili, basi ni 9. Ukuta mnene wote ni 64.22 na 9, yaani 73.22. Zidisha kwa 110: matofali 8,054.

Kuta za ndani: 10 mara 2.60 ni 26. Toa milango miwili, 3.36, zinabaki meta za mraba 22.64. Zidisha kwa 55: matofali 1,245.

Jumla ni 9,299. Lakini matofali yatavunjika. Yatavunjika katika lori, yatavunjika yakitupwa chini, na fundi mwenyewe atayakata kwa mwiko ili apate nusu za kufungia pembe. Kwa tofali la mkono ongeza moja kwa kila kumi. Hivyo nyumba yetu yataka 10,230 hivi.

Neno moja juu ya kununua. Usikubali kuhesabiwa kwa lori wala kwa macho. Rundo lililopangwa vizuri lina urefu, upana na kimo. Hesabu matofali ya kila upande, uzidishe, na uchungulie katikati kama hakuna tundu. Kisha jaribu ubora wake. Gonganisha mawili: lililoiva hulia kama chuma, bichi hutoa sauti ya mti. Liangushe kutoka kimo cha kiuno juu ya ardhi ngumu. Likivunjika vipande vipande, ni bure. Chukua lingine, ulipime kwa mizani likiwa kavu, ulitie majini siku nzima, ulipime tena. Likiongezeka uzito kupita sehemu ya tano, limekunywa mno. Matofali ya pembeni mwa tanuru mara nyingi hayakuiva, nayo ndiyo yanayouzwa kwa bei ya kupendeza. Tofali bichi halifai kwa ukuta wa nje, hata likitolewa bure.

Sasa tuje kwenye sima, ile ambayo vitabu huiita saruji. Hapa ndipo fedha zinapokwenda, maana tofali hufanywa karibu nasi, bali sima yatoka mbali na gharama za njia zimo ndani yake.

Kwanza tujue mchanganyo utakaotumika ni kiasi gani. Meta moja ya mraba ya ukuta mwembamba ina ujazo wa lita 110. Matofali yaliyomo yanachukua lita 92. Nafasi iliyobaki, lita 18, ndiyo viungo. Lakini hiyo ni hesabu ya karatasi. Tofali letu halina kingo zilizonyoka, mchanganyo huingia katika mabonde yake, na mwingine huanguka chini. Andika lita 25. Kwa ukuta mnene hesabu ya karatasi yatoa lita 46, kwa kuwa kiko tena kiungo cha katikati; andika lita 60.

Angalieni jambo moja ambalo mafundi wavivu hawapendi lisemwe. Fundi akijenga kwa kiungo cha sentimeta 2, matofali ya ukuta mwembamba hupungua kutoka 54 hata 46, naye atakuonyesha kwa furaha kwamba amekuokolea manane. Lakini mchanganyo umepanda kutoka lita 18 hata 32. Amekuokolea udongo, amekula sima. Tena kiungo kinene ni dhaifu kuliko chembamba. Kijana wa nyumba aende kila jioni na rula ya shule apime viungo vitano au sita, kwa adabu, pasipo kumgombeza mtu.

Kipimo kizuri cha kujengea kuta ni sima sehemu moja kwa mchanga sehemu tano. Mfuko wa kilo 50 una ujazo wa lita 35 hivi. Sehemu tano za mchanga ni lita 175. Toroli la gurudumu moja, likijazwa sawasawa bila kilima juu, huchukua karibu lita 60. Basi mfuko mmoja wataka toroli tatu za mchanga. Toroli hazilingani, kwa hiyo pima lako mara moja kwa ndoo ya lita 10, uandike ubavuni mwake kwa rangi. Usikubali kipimo cha chepe: machepe ya asubuhi si machepe ya saa tisa, mkono umechoka.

Sima haiongezi ujazo sana, kwa kuwa unga wake huingia kati ya chembe za mchanga. Katika meta moja ya ujazo ya mchanganyo huingia mifuko 6. Hivyo mfuko mmoja unatoa lita 167 hivi, na kwa lita hizo fundi atajenga meta za mraba 2.8 za ukuta mnene, yaani matofali 300 na kitu, ama meta 6.7 za ukuta mwembamba. Mkisahau mengine yote tuliyosema leo, shikeni hili: mfuko mmoja, matofali 300 ya ukuta mnene. Jioni ukihesabu mifuko mitupu na kuona kwamba mmoja umejenga matofali 600, usifurahi. Ama mchanga umezidi, ama sima imetoka uani kwa mlango wa nyuma.

Kwa nyumba yetu, gawanya 73.22 kwa 2.8: mifuko 26 na kidogo. Gawanya 22.64 kwa 6.7: mifuko 3 na kidogo. Jumla mifuko 30. Mchanga meta 5 za ujazo, nawe agiza 6.

Wengi huishia hapo, nao hawajafika. Msingi uko wapi? Msingi hufukiwa ardhini, na kwa hiyo hufukiwa katika hesabu pia. Kwetu Bukavu hujengwa kwa mawe. Urefu wake ni meta 28 za nje na 10 za ndani, jumla 38. Upana sentimeta 40. Mahali tambarare kimo cha sentimeta 60 chaweza kutosha nyumba ndogo, ikiwa ardhi ni ngumu. 38 mara 0.40 mara 0.60 ni meta za ujazo 9 na kidogo, na katika ukuta wa mawe theluthi moja ni mchanganyo: meta 3. Kwa msingi twaweza kutia mchanga sehemu sita kwa sima moja, na meta moja ya ujazo ikala mifuko 5. Basi mifuko 15.

Lakini ni nani kati yetu mwenye uwanja tambarare? Mji wetu umepanda milima. Upande wa juu msingi una sentimeta 60, upande wa chini una meta 1.20 kabla ya kufika kwenye sakafu. Chukua katikati, sentimeta 90. Mawe yanakuwa meta za ujazo 13.68, mchanganyo meta 4.56, na sima mifuko 23. Mteremko peke yake umekula mifuko 8, na hakuna jirani atakayeiona. Ukipanda mlima kutafuta uwanja wa bei rahisi, uchukue uzi na pimamaji siku ileile ya kuuangalia, ili ujue mlima utakudai nini baadaye. Tena uwanja ulio kwenye mteremko mkali sana, mahali ambapo ardhi imekwisha kupasuka au kuteleza wakati wa mvua, usiununue kwa bei yoyote. Hapo hesabu yetu haina kazi.

Kuta 30, msingi 23: mifuko 53. Sakafu bado, lipu bado, na ule ukanda wa betoni na vyuma juu ya milango na madirisha bado. Mzee wa nyumba anaitazama tarakimu hiyo. Mfukoni ana fedha za mifuko 40. Atafanyaje?

Twajua wengi wanafanyaje. Wanamwambia fundi, au fundi mwenyewe anawaambia, kwamba mchanga utaongezwa kidogo. Toroli tatu zinakuwa tano, kisha sita. Ukuta unapanda vizuri, umenyoka, wapendeza. Mchanganyo wa namna hiyo ukikauka unakwangulika kwa ukucha. Mvua za Novemba zinapoupiga unaanza kumwagika kama unga, na huo ndio msiba mdogo. Dominika tarehe 3 Februari 2008, asubuhi, tetemeko la ardhi lilitikisa Bukavu na upande wa pili wa Ruzizi, katika Rwanda. Watu walikufa, wengi wao upande wa Rwanda, na majengo ya matofali yakaanguka, makanisa yakiwa miongoni mwao. Tunakaa juu ya ardhi inayosogea. Volkano zetu na ziwa letu ni mashahidi. Katika nchi kama hiyo kinachoshikilia tofali lisianguke juu ya kitanda cha mtoto ni kile kiungo cha sentimeta moja. Tofali zuri ndani ya kiungo kibaya ni jiwe lililowekwa juu ya kichwa cha mtu.

Shauri letu ni jingine. Punguzeni nyumba katika karatasi, msipunguze sima katika mchanga. Chukueni kifutio. Badala ya meta 8 kwa 6, chora 6 kwa 5, vyumba viwili, ukuta mmoja wa ndani wa meta 5 na mlango wake, madirisha matatu, na ile pembetatu ipande meta 1.25. Tumeifanya hesabu kwa njia ileile: ukuta mnene meta za mraba 56, matofali yote 7,470 pamoja na ya kuvunjika, mifuko 22 ya kuta na 17 ya msingi kwenye mteremko uleule. Jumla 39. Nyumba hii familia inaiweza. Upande mmoja fundi aache meno, yaani matofali yatokeze moja juu na moja ndani, ili baada ya miaka mitatu au minne chumba cha tatu kishikamane na vile viwili. Bati zinazoezeka vyumba viwili zina thamani kuliko kuta tano zinazoota majani.

Twasikia mtu akisema: babu zetu walijenga kwa udongo mtupu, na nyumba zilisimama. Hatumpingi kabisa. Jiko dogo la nje, lenye paa linalotokeza vizuri na viungo vilivyopakwa sima kwa nje, laweza kujengwa kwa udongo. Lakini babu hakuweka juu ya kichwa chake ukuta mzito wa tofali la kuchoma. Nyumba yake ilikuwa na miti na fito, na nchi ikitikisika ilicheza nayo. Kwa kuta zinazobeba paa, hapa Kivu, hatuwezi kumshauri mtu udongo mtupu.

Yako mambo mengine yasiyoandikwa katika hesabu za mafundi, kwa kuwa hayabebwi na mafundi. Tofali letu lina uzito wa kilo 3 hivi. Matofali 10,230 ni tani 30 na zaidi. Lori la tani 5 litakwenda mara sita na zaidi. Na kama lori halifiki uwanjani, mtu anayebeba matofali kumi atapanda mlima mara elfu na zaidi. Na maji? Kila meta ya ujazo ya mchanganyo yataka lita 250 hivi, nasi tuna meta 9 na nusu. Tena matofali lazima yaloweshwe kabla ya kujengwa, la sivyo yatanyonya maji ya mchanganyo na sima haitashika. Kila moja hunywa karibu theluthi ya lita. Jumlisha yote, utapata bidoni 270 hivi za lita 20, au zaidi, bila kuhesabu ya kunyweshea kuta zilizokwisha kujengwa. Mzee wa nyumba asipoyaandika maji katika daftari, yatabebwa na mama na mabinti, kabla ya mapambazuko na baada ya shule, na hakuna atakayesema kwamba walijenga nyumba. Yaandikwe. Yalipiwe, au wana wa kiume washike bidoni.

Mchanga tujaribu kwa chupa. Jaza nusu yake mchanga, ongeza maji, tikisa kwa nguvu, uiache mpaka kesho. Mchanga utakaa chini, tope litalala juu yake. Tope likipita sehemu ya kumi ya mchanga, uoshwe au utafutwe mwingine. Changanyeni sima na mchanga vikiwa vikavu mpaka rangi iwe moja, ndipo mtie maji, nanyi mtayarishe kile tu kitakachotumika katika saa mbili. Mchanganyo uliokwisha kuanza kuganda haufufuliwi kwa maji. Mifuko ya sima ilale juu ya mbao, mbali na ukuta, isinunuliwe yote mapema: mfuko uliokaa miezi ukawa na mabonge umepoteza nguvu zake, ijapokuwa bei yake ilikuwa ileile. Anzeni msingi mwezi wa Juni, kiangazi kinapoingia, ili paa liwe juu kabla ya mvua za Septemba kukaza.

Kwa wanafunzi, zoezi. Mama anataka jiko la nje, meta 4 kwa 3, kuta nene, kimo meta 2.60, mlango mmoja na dirisha moja vya ukubwa uleule tuliotaja kwa nje, na paa la mteremko mmoja linalolala juu ya mbao, kwa hiyo msihesabu pembetatu. Tafuteni matofali pamoja na ya kuvunjika, na mifuko ya sima ya kuta peke yake. Atakayepata matofali 4,030 na mifuko 12 amehesabu sawasawa. Aliyepata 2,015 amejenga ukuta mwembamba, asome tena. Juma lijalo tutasema juu ya mbao na bati.